Mmea Chumbani na Maji ya Kisimani

Uzuri ni mgeni ambaye kila mtu hupenda kumkaribisha, lakini si kila mtu hupenda kumlisha. Swali la insha hii ni dogo kwa umbo, nalo ni hili: Je, ni jambo jema mtu apambe chumba chake cha kulala kwa mimea iliyo hai? Najua wako watakaocheka. Watasema kwamba katika nchi yenye haja ya zahanati, madawati na barabara, kuuliza habari za mmea uliomo ndani ya kopo ni kupoteza wino. Nawaomba wavumilie kidogo. Maswali makubwa ya haki aghalabu huingia nyumbani kwa mlango mdogo, na hili lilinijia kwa mlango wa chumba cha kulala.

Naishi Busawe, mkoani Mara, katika pande za Tarime na Serengeti. Watu wa huku ni wakulima na wafugaji. Ukiwauliza mti una faida gani, watakujibu upesi: huu ni wa kuni, ule ni wa nguzo, ule ni kivuli cha ng'ombe, na ule mwingine ni dawa ya tumbo. Miaka kadhaa iliyopita niliweka karibu na dirisha la chumba changu mmea wa jamii ya mkonge wa porini, wenye majani marefu yaliyosimama kama panga, nikaupanda katika kopo la rangi lililokwisha kazi. Kila aliyepata habari zake aliniuliza, "Unaliwa?" Nilipojibu kwamba hauliwi, aliuliza, "Basi ni dawa?" Nilipojibu kwamba si dawa, alinyamaza, na kimya chake kilikuwa hukumu.

Hoja ya jirani haifai kudharauliwa. Hoja za majirani zangu zilikuwa tatu, nami nitazipima moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ilisema kwamba kulala pamoja na mimea si desturi yetu, bali ni uigaji wa wageni. Hoja hii ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba wazee wetu hawakuweka vyungu vya maua vyumbani. Lakini nyumba zao hazikuwa tupu. Masuke yaliyochaguliwa kwa mbegu yalifungwa juu ya jiko, yapate moshi na kuepushwa na wadudu, na mtu alilala akijua kwamba shamba la mwaka ujao limo ndani pamoja naye. Katika miji ya pwani, kama Unguja, Mombasa na Lamu, asumini na mrihani vimeingia vyumbani tangu zamani. Wanawake hutunga vikuba, na kitanda cha maharusi hunyunyiziwa maua yenye harufu nzuri. Tofauti ni kwamba ua la kikuba limekwisha kukatwa. Hulala usiku mmoja, likanyauka, likatupwa, wala halimdai mtu kitu. Mmea wa chomboni huamka asubuhi ukiwa na madai yake.

Zaidi ya hayo, mmoja wa mimea inayopendwa sana katika vyumba vya Ulaya na Marekani asili yake ni nchi yetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtumishi wa serikali ya Wajerumani aliyesimamia wilaya ya Tanga, aliokota katika milima ya Usambara mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya zambarau. Kwao Ujerumani ulifika mikononi mwa mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, naye mwaka 1893 akautangaza kwa jina la kitaalamu lililobeba ukoo wa yule mtumishi: Saintpaulia. Leo kuna maelfu ya aina zake zilizozalishwa na watu, na umestawi katika madirisha ya watu ambao hawangeweza kuionyesha Tanga katika ramani. Huku nyumbani, misitu yake ya asili imepunguzwa na mashoka na moto, na baadhi ya jamaa zake wa porini wamo hatarini kutoweka. Wanafunzi wetu wengi humaliza shule bila kuusikia. Ajabu ni kwamba tunaogopa kuiga wageni, hali wao ndio waliojifunza kupenda kilicho chetu.

Desemba 1962, Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba kufufua fahari ya utamaduni wetu si kukataa kujifunza kutoka kwa wengine. Kwa hiyo swali la kwanza kwa desturi yoyote si kwamba imetoka wapi. Swali ni kwamba inamfanya mtu awe mtu wa namna gani.

Hoja ya pili ilihusu afya. Mzee mmoja alinionya kwamba mmea hunyang'anya pumzi za aliyelala. Onyo hili lina asili ya kweli. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba mimea husafisha hewa penye mwanga, na kwamba gizani hutoa hewa chafu kama sisi tutoavyo. Lakini kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na pumzi ya mtu mmoja alalaye kando yako, nasi hatumwogopi mtu huyo. Kwa upande mwingine, wako wanaousifu mmea kupita kiasi. Mwaka 1989 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba mimea huondoa baadhi ya sumu za hewani, na habari hiyo ikaenea duniani. Majaribio yale yalifanyika katika masanduku yaliyozibwa. Wataalamu waliopitia upya tafiti za namna hiyo mwaka 2019 walikadiria kwamba katika nyumba ya kawaida ingehitajiwa mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi ambayo hewa ya nje huifanya yenyewe inapopita ndani. Atakaye hewa safi, basi, na afungue dirisha. Na awe mwangalifu, maana maji yakituama katika kisahani kilicho chini ya chombo, mbu watapata mahali pa kuzalia.

Tukiisha kuondoa hofu ya bure na sifa za bure, mmea unabakiwa na jambo moja tu, yaani uzuri. Tena ni uzuri usio na mashahidi. Sebule hupambwa kwa macho ya watu. Chumba cha kulala hakiingii mgeni, na kwa mila za haya za makabila yetu mengi, hata baba mkwe hatii mguu wake humo. Apambaye mahali pasipoonekana hawezi kushitakiwa kwa kujionyesha. Kwa sababu hiyo nilijiona mtu safi, nikadhani kwamba hoja zote nimezishinda.

Hoja ya tatu ilikuja bila kutamkwa na mtu mzima. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Kisima cha karibu kilikuwa kimepungua, na maji yalitekwa kijitoni, mwendo wa nusu saa kwenda, na zaidi ya hapo kurudi, kwa kuwa ndoo ikijaa njia hurefuka. Binti yangu, wakati huo akiwa darasa la sita, ndiye aliyekwenda kabla ya shule na baada ya shule. Jioni moja alitua ndoo, akafuta uso kwa kanga, akashika kata, akanitazama. Akasema, "Baba, na huyu naye nimchotee?"

Mimi nimezoea kutunga mashairi, na sikio langu ni kali kwa makosa ya lugha. Nikamjibu, "Mwanangu, husemi mmea huyu. Sema mmea huu." Akaitikia, "Ndiyo, Baba," akamwaga maji katika kopo, akaenda zake jikoni. Nilikuwa nimesahihisha sarufi na kulikimbia swali.

Usiku ule sikulala vema. Nilihesabu safari zake. Kila siku nilikuwa nikiunywesha mmea wangu kata nzima ya maji, na kata ile ilikuwa imepanda mlima juu ya kichwa cha mtoto. Uzuri niliojivunia kwamba hauna mashahidi ulikuwa na shahidi mmoja, naye ndiye aliyeulipia. Nilikuwa nimemkaribisha mgeni, nikamwachia mwingine kazi ya kumlisha. Na nilipoendelea kufikiri nikaona kwamba mmea haukuanzisha dhuluma hiyo. Uliifichua tu. Maji ya kuoga kwangu, ya chai yangu, na ya kufulia shati ninalovaa kwenda kazini, yote yalikuwa yamepita njia ile ile, wala sikuwahi kuyahesabu, kwa sababu yaliitwa mahitaji.

Asubuhi nilichukua ndoo mbili nikaenda kijitoni mwenyewe. Wanaume niliokutana nao njiani walinisalimu kwa adabu, kisha wakacheka nilipowapita. Mmoja aliuliza kama mke wangu ni mgonjwa. Niliona haya, nami sitawaficha vijana jambo hilo, maana mwalimu asemaye kwamba kutenda haki ni rahisi huwadanganya wanafunzi wake. Baada ya majuma machache haya ilipungua. Niliijua njia, nikajua jiwe linaloteleza, nikajua pia kwa nini mtoto huyu alikuwa akisinzia juu ya madaftari. Tangu hapo tuligawana zamu, na zamu zangu hazikuwa kwa ajili ya mmea peke yake.

Mmea wenyewe nao ulinifundisha. Majani yake yalianza kulainika kwenye shina na kuoza. Nikamwuliza bwana shamba, akaniambia kwamba jamii hii ya mimea huweka maji yake majanini, huvumilia ukame, na hufa upesi kwa kunyweshwa kupita kiasi. Kunywa mara moja baada ya majuma mawili kungeutosha. Basi, ile kata ya kila siku ilimchosha mtoto na kuuua mmea pia. Nilikata jani moja zima, nikalipanda upya katika mchanga, likaota. Upendo usiojua mahitaji ya upendwaye ni kujipenda tu.

Turudi kwa lile neno "huyu". Lugha yetu imeuweka mmea katika ngeli ya M-MI, pamoja na mti, mto, mwezi, mkono na moyo. Hivi si watu wala wanyama, lakini havifanani na kiti wala kabati. Mto hutembea, mwezi hukua na kupungua, moyo hupiga. Anayenunua kiti amemaliza kazi yake siku ile ya kulipa. Anayeleta mmea ndani ndiyo kwanza ameianza. Binti yangu alikosea sarufi, ila maana hakuikosea.

Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alitangaza mjini Arusha kwamba tumepokea dhamana ya kuwatunza wanyama wa porini, ili wajukuu wa watoto wetu waweze kuufurahia urithi huo. Serengeti, iliyo hifadhi ya taifa tangu 1951, ni sehemu ya dhamana hiyo. Sisi tunaopakana nayo twajua pia kwamba tembo akiingia shambani usiku, anayelala njaa si yule aliyemtazama mchana kwa darubini. Swali la kopo langu na swali la nyika ile kubwa ni moja: nani anafurahia uzuri, na nani anauchotea maji? Haifuati kwamba uzuri uachwe. Watu wanaotazama faida peke yake mwisho hutazamana wenyewe kwa jicho hilo, wakamwuliza hata mzee na mgonjwa, "Unafaa nini?" Linalofuata ni kwamba autakaye uzuri ashike ndoo.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Pamba chumba chako kwa mmea, ewe kijana, hata kama ni katika kopo kuukuu. Lakini kwanza uliza unakunywa kiasi gani, na maji hayo yanakuja juu ya kichwa cha nani. Nami nafunga kwa ubeti huu:

Ukileta mche ndani, usiuite ni pambo,
Una kiu mizizini, ujapokuwa urembo,
Maji yake kisimani, kayateke bila tambo,
Pasi jasho la mwilini, uzuri huwa ni chambo.