Je, Ni Haki Kumfungia Kasuku?

Kasuku akifundishwa, anaweza kusema "Haleluya" kuliko washirika wengine! Tunacheka, tunasema ati ameokoka. Lakini mimi najiuliza: kumfungia kiumbe mwenye akili kwa sababu anatufurahisha, ni haki?

Maana akili anayo. Kule Marekani, Dkt. Irene Pepperberg alimfundisha kasuku wa kijivu aitwaye Alex kuanzia 1977 hadi ndege huyo alipokufa 2007. Alex alitaja rangi, maumbo, hata akahesabu vitu hadi sita.

Porini kasuku huishi kwa makundi. Ndani ya tundu, kundi lake ni wewe, ndiyo maana anaiga sauti yako. Ukimwacha peke yake kutwa nzima, upweke unaweza kumfanya ajing'oe manyoya.

Sasa soma Hesabu 22. Bwana alipomfungua punda wa Balaamu kinywa, punda hakuimba pambio. Aliuliza amekosa nini hata apigwe. Kasuku wetu akifunguliwa hivyo, atatuuliza nini? Nayo Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake.

Kwa hivyo, mpendwa, usinunue kasuku aliyetegwa porini. Kama unaye tayari, hakikisha una kibali cha KWS. Mpe nafasi ya kuruka, na mpe muda wako, kwani anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Ukiona huwezi, usimfuge.