Amana Ipitayo Angani

Swali la kama mwanadamu anawajibika kwa kiumbe kisichokaa kwake, bali hupita tu, huonekana wazi zaidi kwa ndege mbuai wahamao, yaani ndege wawindaji wanaozaliana kaskazini mwa dunia na kuja Afrika kukwepa majira ya baridi. Kozi wa Amur hutoka mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China, hujilisha kaskazini-mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Hindi na kupita Afrika ya Mashariki akielekea kusini. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi nchini Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina mipaka iliyochorwa kwenye ramani, lakini hakuna mpaka unaomzuia kozi wala unaomfanya awe mali ya mtu.

Vitabu vitakatifu vinaukataa umiliki huo: katika Qurani, Sura ya Al-An'am huwahesabu ndege kuwa umma kama wanadamu, na Kitabu cha Ayubu chauliza kama ni kwa hekima ya mwanadamu kipanga huruka kuelekea kusini. Hata hivyo, kutokumiliki hakumwondolei mtu wajibu, kwa sababu amana ni kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwa mtu akitunze, na asiyejua alikabidhiwa kiasi gani hawezi kujua kimepungua kiasi gani. Ndiyo maana ufuatiliaji, yaani kuhesabu ndege katika barabara ileile na majira yaleyale kila mwaka, kuwavisha pete miguuni au kuwafunga vifaa vinavyotuma taarifa kwa setilaiti, ni sehemu ya utunzaji wenyewe wa amana, wala si udadisi wa wanasayansi peke yao. Hesabu ya mwaka mmoja haitoshi, kwani mvua ikiwatoa kumbikumbi kwa wingi, kozi nao hukusanyika.

Mwaka 2012, katika jimbo la Nagaland nchini India, kozi hao walinaswa kwa makumi ya maelfu. Mwaka uliofuata vijiji vilivyohusika, vikisaidiwa na viongozi wa makanisa yao, viliacha kuwanasa. Kama wasingepita salama huko, Mikumi isingekuwa na wa kumhesabu.

Ugumu upo mashambani. Mkulima wa mpunga anayevamiwa na kweleakwelea ana haki ya kulinda chakula chake, lakini sumu ya fenthion inayonyunyiziwa makundi ya ndege hao humuua pia mbuai anayewala wakiwa wanakufa, na mzoga uliotiwa sumu kwa ajili ya simba huangamiza tumbusi wengi kwa siku moja. Si haki kumbebesha mkulima au mfugaji peke yake gharama ya amana iliyo ya wote. Maofisa wa kilimo na wahifadhi wa wilaya ya Kilosa na Mikumi hawana budi kusoma kumbukumbu zilezile za ufuatiliaji, kukagua mazalia ya kweleakwelea kabla ya kunyunyizia, na kuondoa mizoga yao baadaye.