Je, Kilicholala Ardhini Hakina Mwenyewe?

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyo siri. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Katika mambo yaliyoenea siku hizi ni chombo cha kutafutia madini ardhini, ambacho wengi hukiita ditekta. Zamani chombo hiki kilikuwa cha majeshi na serikali. Sasa chauzwa kwa bei nafuu, hata mtu wa kipato cha wastani aweza kukinunua, akenda nacho jioni kutafuta sarafu za kale kwa kujifurahisha. Wengi waona kuwa jambo hili halina swali: ardhi ni ya Mungu, sarafu haina mwenyewe, na aliyeiona ndiye mwenye bahati. Maneno haya mepesi yahitaji kupimwa kwa mizani ya sharia, kwani dhuluma nyingi huanza na neno “hakina mwenyewe”.

Kwanza na ijulikane chombo chenyewe. Kina duara la waya mwisho wa mpini, na umeme upitao katika waya ule hufanya nguvu ya sumaku yenye kugeuka-geuka. Nguvu hiyo ikikuta madini huamsha umeme mdogo ndani yake, na chombo huuhisi umeme ule kikatoa sauti. Vile vya bei nafuu husikia sarafu moja ikiwa imezama kiasi cha shibiri au karibu na hapo. Husikia dhahabu, na husikia msumari na kifuniko cha chupa pia. Ushanga hakiusikii, wala kigae, wala mfupa wa maiti.

Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, huyu aliyesifika kwa simu, akaunda chombo cha namna hii ili kuitafuta risasi mwilini mwake. Chombo kilitoa sauti, wala risasi haikupatikana. Na katika sababu zilizotajwa ni vyuma vya kitanda alicholalia mgonjwa. Rais akafa Septemba ya mwaka ule ule. Mwenye akili hupata mazingatio hapa: sauti si elimu. Chombo chasema “pana madini”. Hakisemi ni madini gani, wala hakisemi ni ya nani. Na hilo la pili ndilo ambalo Mwislamu ataulizwa.

Ama chombo chenyewe hakina ubaya. Asili ya vitu ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza, na chombo ni kama wavu au jembe, hukumu yake hufuata kazi yake. Katika vita vya pili vya dunia Józef Kosacki, afisa wa Kipolandi, aliunda chombo cha kutambulia mabomu yaliyozikwa, nacho kikatumiwa El Alamein mwaka 1942, kikaokoa roho za watu. Na mtu aliyepoteza pete yake mchangani akaitafuta kwa chombo hiki, hapana wa kumlaumu. Maneno yaliyopo ni juu ya mwenye kutafuta asichokipoteza yeye.

Na ichukuliwe mfano mtu wa Pwani aliyesafiri hata Kigoma, kisha akapanda milima ya Buha mpaka Heru Juu, karibu na mji wa Kasulu. Hapo palikuwa makao ya Mwami wa Heru, mmoja katika wafalme wa Waha; na katika karne ya 20 utawala ule ulishikwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyejulikana Tanganyika nzima. Mgeni huyu amesikia uvumi uliojaa kila upande wa Tanzania, ya kwamba Wajerumani walipokimbia walizika mali. Amekuja na chombo chake begani. Aona mahame yasiyo na nyumba, miti ya matunda iliyoachwa, na nyasi zimemea mpaka kiunoni. Husema moyoni: “Hii ni ardhi iliyokufa, na kilichomo ni rikazi. Nitatoa khumsi yangu, na zilizobaki nne ni halali.”

Hapa ndipo wengi watelezapo. Wamelisikia neno rikazi, na wamesikia kuwa humpasa mwenye kuipata atoe sehemu moja katika tano papo hapo pasipo kungoja mwaka. Wakadhani kuwa khumsi ni sabuni ya kutakasia kila kilichochimbuliwa. Sivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i rikazi ina masharti. Iwe ni dhahabu au fedha, na ifikie nisabu. Iwe ni hazina ya watu wa Jahiliya, yaani waliokuwa kabla ya kuletwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Na ipatikane katika ardhi iliyokufa, isiyopata kumilikiwa, au katika ardhi ambayo mpataji mwenyewe ndiye aliyeihuisha. Ikipatikana katika milki ya mtu mwingine, ni ya mwenye ardhi akiidai. Asipoidai, huulizwa aliyemilikisha ardhi ile kabla yake, na wa kabla yake tena, mpaka ifikiwe kwa yule aliyeihuisha mara ya kwanza au warithi wake.

Na yatazamwe sasa mahame ya Buha. Je, ni ardhi iliyokufa? Katika miaka ya 1970, zama za operesheni ya vijiji vya ujamaa, watu wa mkoa wa Kigoma walihamishwa kutoka katika makazi yao ya asili wakakusanywa vijijini. Mwembe ule alioupanda babu haukuachwa kwa kupuuzwa, uliachwa kwa amri. Mwenyewe au mwanawe yupo mwendo wa saa moja tu kutoka hapo, na pengine ndiye aliyempokea mgeni na kumpa maji. Wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu amekuja, na mwenyeji apokonywa alichowekewa na wazee wake! Ardhi hii si iliyokufa. Na kwa sheria ya nchi vilevile, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji ina wenye kuisimamia, nao ni halmashauri ya kijiji.

Kisha na itazamwe sarafu yenyewe. Huenda ikawa ni dhahabu ya Tabora, yenye sura ya tembo na milima nyuma yake. Sarafu hii ya rupia 15 Wajerumani waliipiga mwaka 1916 katika mji wa Tabora, walipozingirwa na fedha zikawapungukia. Nayo ni chache, hazikuzidi 17,000. Mwaka ule ule, mwezi wa Julai, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma, na Septemba yakaingia Tabora. Mwenye chombo akiipata hiyo hudhani ameshinda. Lakini sarafu ya mwaka 1916 si hazina ya Jahiliya, haikutimiza sharti. Na ni nani aliyeizika? Hapana dalili kuwa ni jemadari. Yawezekana ni askari Mwafrika, au mpagazi aliyechukua mizigo ya vita kichwani, akauficha ujira wake chini ya jiwe ili arudi kuutwaa, kisha asirudi. Ikiwa ndivyo, ile ni amana ya mayatima iliyochelewa, na wajukuu wake hawakosekani duniani.

Huenda tena kikapatikana kitu kipya kuliko hicho: kopo lenye sarafu na bangili, limefungwa vizuri. Nchi hii imepokea wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972, na wa Kongo baada yao, na kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996. Aliyekimbia na mtoto mgongoni huzika asichoweza kukichukua, naye huwa na nia ya kurejea. Basi kuchukua akiba ya mtu kama huyu na kuita jambo hilo mchezo wa jioni, ni ugumu wa moyo.

Hukumu ya vitu hivi, ikiwa mwenyewe haonekani, ni hukumu ya kiokotwa, yaani lukta. Mpataji hutazama alama zake, akakihifadhi, akakitangaza mwaka mzima masokoni na milangoni mwa misikiti, akitaja baadhi ya sifa zake asizitaje zote, ili mwongo asipate kukidai. Mwaka ukipita hana dhambi akikimiliki, lakini mwenyewe akija siku yoyote ni lazima arudishiwe, au alipwe thamani yake. Na iulizwe kwa insafu: katika hao wanaotembea na vyombo hivi, ni wangapi watangazao? Desturi yao ni kinyume; wakipata hufukia shimo, wakanyamaza, wakauza mji wa mbali. Kunyamaza huko ni shahada ya nafsi zao wenyewe kuwa waijua haki ya mtu.

Watu wa Pwani nao wasidhani kuwa maneno haya ni ya Buha peke yake. Mwaka 1984 katika Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, watafiti walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000 na dinari chache za dhahabu, zilizozikwa katika karne ya 11. Juu ya zile za fedha mna majina ya watawala Waislamu, miongoni mwao Ali bin al-Hasan. Wanazuoni wamesema: hazina yenye alama ya Uislamu si rikazi kabisa, hata ikiwa ya kale namna gani. Ni mali ya Waislamu iliyopotea, na manufaa yake ni ya wote. Na manufaa yalipatikana, kwani zilitolewa pamoja, mahali pake pakaandikwa, na vizazi vya leo wakajua kuwa Pemba ilikuwa na wafalme waliopiga fedha yao zaidi ya miaka 900 iliyopita. Lau zingalichimbuliwa mbili mbili kwa siri zikauzwa, fedha ingalibaki na khabari ingalikufa. Kwa hiyo Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964, inayokataza kuchimba vitu vya kale pasipo kibali, haigombani na sharia ya Mungu. Yalinda haki ya umma.

Atasema msemaji: “Hii ni burudani tu, na sarafu moja ya shaba yenye kutu ina thamani gani?” Jawabu ni kuwa kitu duni ambacho mwenyewe hakitafuti kimesamehewa, na sharia haikuja kuwatia watu dhiki. Lakini mchezo huu una tabia yake. Mtu huanza kwa kutaka kujua, akapata senti, moyo ukaonja, akaanza kutamani. Kisha huenda usiku. Kisha hununua ramani kwa walaghai, akamwendea mganga amwambie hazina ina jini na jini ataka damu. Na hapo mtu ameuza dini yake kwa shimo tupu. Wengine hufika makaburini, na kufukua kaburi la maiti ni haramu, awe Mwami au mtumwa. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Basi mwenye kupenda chombo hiki na ashike mambo manne. Aombe ruhusa ya mwenye ardhi kabla ya kuwasha, si baada ya kupata. Ajiepushe na makaburi, mahame na majengo ya kale, na kwenye vitu vya kale awaachie wenye kibali. Akipata, atangaze. Na asiyejua hukumu aulize wenye elimu kabla ya kuuliza bei.

Mwenyezi Mungu amemficha mtu mambo mengi kwa hekima Yake, na amempa chombo cha kusikia chuma chini ya udongo. Lakini haki ya mtu haina waya wala sauti, nayo husikika kwa moyo wenye hofu ya Mungu. Atakayeinama pale Heru Juu kufukua shibiri moja ya udongo na akumbuke kuwa naye atawekwa ndani ya udongo ule ule, kisha atafukuliwa, na hapo hapana kitakachosemwa kuwa hakina mwenyewe.

Wallahu a'lam. Mungu atujaalie halali, atukinaishe nayo. Amin.