Karatasi ya Dhamana Haimwondolei Muuzaji Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Mwenzetu aliyehitimu hapa Kampala ametuletea swali. Amepata kazi, ameweka akiba, na mama yake amemwongezea fedha za kipande cha shamba kilichouzwa. Anataka kununua Mercedes-Benz C 200 iliyokwisha tumika Japani, ikashushwa bandarini Mombasa. Bei ni shilingi milioni 42. Muuzaji anamwambia: ongeza milioni 3, nikupe dhamana ya mwaka mmoja ya injini na giaboksi. Anauliza: nilipe au niache? Naye amemuahidi mdogo wake wa kike ada ya muhula kutoka katika mfuko huo huo.

Ndugu zangu, tusilidharau swali hili tukadhani ni la magari tu. Ni swali la mali, na kila mmoja wetu ataulizwa mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini.

Jambo la kwanza ni ukweli wa muuzaji. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika watu wake. Tazameni rundo hilo katika soko letu la leo. Juu gari limepigwa polishi mpaka unajiona uso. Ndani kilomita zimerudishwa nyuma, na taa ya injini imezimwa kwa mashine siku mnunuzi anapokuja.

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingizwa nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Lakini gari la miaka 14 linapita, na kupita mpakani si sawa na kuwa zima. Kwa hiyo muuzaji analazimika kusema aibu anayoijua. Wanafiqhi wanaita haki ya mnunuzi khiyari ya aibu: ukigundua kasoro ya zamani iliyofichwa, unaweza kulirudisha gari. Wala neno "chukua kama ulivyoliona" halimtoi dhambini aliyejua akanyamaza. Haki hii haiuzwi kwa milioni 3. Sheria ya Mola wako imekupa bure.

Jambo la pili ni karatasi yenyewe. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharari, yaani ile ambayo mwisho wake umefichikana. Mwenzetu atatoa milioni 3 leo kwa yakini. Atakachopata hakijulikani. Giaboksi ikivunjika mwezi wa pili, huenda akapata zaidi ya alichotoa. Isipovunjika, fedha imekwenda bure. Hali hii inafanana na bima ya kibiashara, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah Desemba 1985 liliamua kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa inayouharibu mkataba, likaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana. Kwa sababu hiyo wanazuoni wengi wanaikataza dhamana inayouzwa peke yake kwa bei yake.

Wanaruhusu wengi dhamana iliyomo ndani ya mauzo, yaani muuzaji anataja bei moja na kujifunga mwenyewe kuitengeneza bidhaa yake. Na matengenezo yanayojulikana, kama kubadilisha oili na filta mara nne kwa mwaka kwa malipo maalumu, ni ujira wa kazi inayojulikana. Lakini tusibadilishe jina tu na kuacha jambo lile lile. Muuliza swali aisome karatasi mstari kwa mstari. Mara nyingi breki na vitu vinavyolika havimo, kasoro iliyokuwepo kabla haimo, na ukipeleka gari gereji nyingine dhamana imekufa. Basi imebaki kulinda nini?

Jambo la tatu ni sababu. Alipoulizwa juu ya kumwachia ngamia na kumtegemea Allah, Mtume (s.a.w.) alielekeza afungwe kwanza, kisha ndiyo tawakkul, kama alivyopokea Tirmidhi. Kulifunga gari ni kumleta fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, kabla ya kutoa hata shilingi. Asome kompyuta ya gari kwa mashine, aangalie oili ya giaboksi, alinganishe namba ya chesisi na karatasi, aliendeshe mlimani likiwa limepata moto. Malipo ya fundi ni madogo mbele ya milioni 3. Hizo milioni 3 aziweke kando kwa ajili ya spea. Likiharibika, zipo. Lisipoharibika, bado ni zake.

Na mama je? Fedha aliyotoa ni zawadi, mkopo, au ni mshirika katika gari? Qur'ani imeamrisha deni liandikwe, katika Suratul Baqara aya ya 282, wala haikumtoa mama na mwanawe. Liandikwe kabla ya gari kununuliwa, kwa sababu likishaharibika kila mtu atakumbuka lake.

Jawabu letu basi: asiinunue dhamana hiyo ya pembeni. Amwambie muuzaji aseme aibu za gari, ataje bei moja, na akubali fundi aje. Akikataa fundi, huko kukataa kumeshamjibu. Na kama gari hili haliwezi kununuliwa mpaka ada ya dada yake iguswe, aliache. Ipo Toyota yenye spea kila mtaa, na itamfikisha kazini saa ile ile. Nembo ya mbele ya gari haitamsaidia siku dada yake atakaporudishwa nyumbani na ahadi iliyovunjwa.

Kisha aswali rakaa mbili za istikhara, aamue.

Tunamuomba Allah atujaalie rizki ya halali, atubarikie katika kununua na kuuza kwetu, na awahifadhi wazazi wetu wanaouza mashamba kwa ajili yetu. Amin. Wallahu a'lam.