Nati Tano za Ndani

Mwaka 2007 Toyota ilipoingiza injini ya dizeli ya V8 kwenye pikapu ya Land Cruiser ya mfululizo wa 79, sehemu ya mbele ya gari ilipanuliwa ili injini ienee. Ekseli ya nyuma haikupanuliwa kulingana nayo. Magurudumu ya nyuma yakabaki yamekaa ndani kuliko ya mbele, kwa jumla ya milimita 95 hivi. Kwenye lami tofauti hiyo haisumbui sana. Kwenye mchanga wa Australia, ambako gari hili linapendwa mno, dereva huihisi: tairi za mbele zinachonga njia, za nyuma zinakataa kuifuata na zinajichimbia yao.

Dawa ya bei nafuu ni spesa, pande la aluminiamu lenye unene wa karibu milimita 48 kila upande. Linafungwa kwenye haba ya gurudumu kwa nati 5, kisha rimu inafungwa juu yake kwa nati nyingine 5. Gari linakaa sawa, na kwa macho linapendeza. Ila nati tano za ndani zimeshafunikwa. Asubuhi dereva akizunguka gari na spana yake, anakaza zile anazoziona. Zinazoshika spesa yenyewe hazifikii mpaka apige jeki na kulivua gurudumu. Tena gurudumu likisogezwa nje, beringi inaelemewa zaidi, kama mkono ulionyooshwa unavyochoka kwa ndoo ileile ambayo kifuani ingebebeka.

Miongozo ya taifa ya ukarabati wa magari nchini Australia hairuhusu spesa ambazo hazikuja na gari kutoka kiwandani. Wenye magari wana jibu: gari ni langu, na kipimo kibaya si changu. Jibu hilo lina uzito. Kipimo cha kiwanda si wahyi, na kukirekebisha si dhambi.

Lakini je, hatari nayo ni ya mwenye gari peke yake?

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba azungushie paa lake ukuta, asije mtu akaporomoka na lawama ikamwangukia yeye. Paa ni lake. Shingo itakayovunjika huenda ni ya mgeni. Gurudumu likichomoka kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, linaweza kumkuta mwendesha baiskeli ambaye hakuna aliyemuuliza kama anakubali. Kumiliki gari hakumpi mtu haki ya kuuweka rehani mwili wa mwenzake.

Fiqhi ya Kiislamu, ikiwemo ya Kishafii inayofuatwa pwani ya Afrika Mashariki, inalifuata jambo hili hadi sokoni: muuzaji anayejua kasoro haruhusiwi kuinyamazia, na mnunuzi akiigundua ana khiyari ya kuirudisha mali. Spesa nzuri, iliyokaa barabara kwenye haba na kukaguliwa mara kwa mara, yaweza isiwe kasoro mikononi mwa aliyeifunga. Gari likiuzwa kimya kimya, inakuwa kasoro siku hiyohiyo, kwa sababu mmiliki mpya atakaza nati tano kila wiki bila kujua kwamba nyuma yake kuna tano nyingine.