Akiba Ikioza

Mwezi wa sita ukiingia, malori hupanga foleni Kibaigwa, soko la nafaka lililo kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, na watu wa Dar es Salaam wanaojua kuendesha nyumba huanza kupiga simu. Mahindi yamevunwa, karanga zinamenywa, bei iko chini. Anayenunua gunia wakati huo hatahangaika na vipimo vya dukani mwezi wa kwanza, ada za shule zikiwa zimemaliza hela. Hapo hakuna kosa. Mama wa kisa hiki, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, hata waliomzidi umri, alilijua jambo hilo kuliko wengi.

Alikuwa na stoo ya kuonyesha watu. Mahindi, maharage, karanga, mchele wa Kyela, ulezi, chumvi ya mawe, ndoo za mafuta zimesimama kama askari. Mgeni akija kusalimia, mlango wa stoo ulikuwa umesahauliwa wazi, siku zote kwa bahati mbaya. Na Bibi hakuwa mchoyo. Msiba ukitokea jirani, debe la kwanza la mahindi lilitoka kwake.

Mwaka huo miguu ilimsumbua, hakusafiri. Aliagiza kwa simu. Magunia yakafika yakiwa lumbesa, yale yenye kilemba kilichoshonewa juu, ambayo serikali imeyapiga marufuku mara nyingi na bado yanazunguka nchi nzima. Bibi aliyapenda kwa sababu macho yake yaliona kilemba. Ambacho hakukiona ni maji. Karanga kavu ni ngumu kumenya kwa mkono, vidole vinachubuka, kwa hiyo sehemu nyingi wamenyaji hunyunyizia maji maganda yalainike. Kazi inakwenda haraka na mzigo unaongezeka uzito kidogo. Mnunuzi anayelipa kwa kilo analipia na hayo maji, halafu anayapeleka nyumbani kwake ndani ya gunia lililoshonwa mdomo.

Kupima kungemchukua muda wa kuchemsha chai. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unatia mahindi kiasi cha theluthi ya chupa na vijiko vichache vya chumvi kavu, unafunga, unatikisa vizuri, unaacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, na hayafai kuwekwa stoo, maana yanatakiwa yashuke mpaka asilimia 13 na kitu. Chumvi ikianguka chini yote, angalau umevuka hatua hiyo. Karanga zinadai ukavu mkubwa zaidi, asilimia 7 au 8. Wakulima wengi wamefundishwa kipimo hicho cha chupa na maofisa ugani. Sisi wa mjini tunaokula mavuno yao hatujafundishwa, na ndio tunaokaa nayo miezi sita kwenye joto la Pwani.

Magunia yalipangwa chini, juu ya sakafu ya saruji, yakaegemezwa ukuta unaopakana na bafu. Chaga za mbao zilikuwepo uani. Zilikuwa zinazuia kuku wasiingie kwenye mchicha.

Vuli ilipoanza, binti aliyekuwa akifagia stoo alikuta unga chini ya gunia la mahindi. Ilikuwa kazi ya dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wetu walimpa jina la Scania. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo amesambaa sehemu nyingi za Afrika. Dumuzi hali punje tu. Anaisaga, anaacha vumbi, na mahindi yaliyotobolewa hupokea ukungu kwa urahisi. Bibi hakushtuka. Alitandika turubai uani, akaanika kila kitu, akavuta kigoda na ungo.

Hapo kwenye ungo ndipo kisa kilipo, na ukimtazama Bibi akichambua utasema ni mama wa mfano. Mikono yake ilikwenda bila macho. Mafungu yalikuwa matatu. La kwanza, karanga zilizojaa, ngozi yake imebana, rangi moja. La pili, zilizopasuka na ndogo ndogo. La tatu lilikuwa la zile zilizokunjamana, zilizogeuka kahawia au nyeusi, zilizotobolewa, na zile ambazo ukizigawanya mapande mawili unakuta katikati pana vumbi la kijani lenye umanjano. Alionja moja ya fungu la tatu akaitema. Chungu. Mahindi nayo yakapitia mkono huohuo, yenye kiini cheusi yakajiunga na karanga mbovu.

Fungu la kwanza lilirudi stoo. La pili likawa la futari na mboga. Na la tatu? Lilijaza debe zima, na debe zima ni hela.

“Akiba haiozi,” alisema Bibi, ingawa iliyooza ilikuwa mbele yake. Na kutupa chakula, kwa malezi aliyolelewa, ni kufuru.

Katika nyumba nyingi, fungu la tatu halitupwi. Linashuka ngazi. Ambacho baba hawezi kuwekewa mezani, na mgeni haiwezekani aonyeshwe, kinatafutiwa mlaji asiye na kauli: kuku, bata, ng’ombe wa maziwa, pipa la pombe ya kienyeji, au mtoto ambaye hajajua kusema. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Ni uangalifu wa fedha tu, umepitiliza mahali ulipotakiwa kukoma.

Debe likagawanywa. Nusu ilipelekwa mashine pamoja na ulezi, mtama, soya, ngano na mchele, ikasagwa kuwa unga wa lishe wa mjukuu, mtoto wa kiume wa mwaka na miezi kadhaa ambaye Bibi alimwita “mume wangu”. Kadiri aina zinavyokuwa nyingi ndivyo watu wanavyoamini lishe imekamilika, wakati wataalamu wa lishe wamesema mara nyingi kwamba nafaka moja na jamii ya kunde moja zinatosha, na kwamba rundo la aina saba ni milango saba ya uchafu. Nusu nyingine ya debe, pamoja na chenga na vumbi la dumuzi, ilitupiwa bata.

Vifaranga vya bata vilianza kufa wiki hiyo. Vilisinzia, vikagoma kula, vikalala. Bibi alitazama ukuta wa jirani. Walikuwa na ugomvi wa zamani wa maji machafu, na mtu akishakuwa na adui hatafuti sababu nyingine. Maneno yalifika kwa mjumbe. Jirani aliapa hajatega sumu yoyote, naye alikuwa anasema kweli.

Laiti mtu mmoja pale angejua historia ya bata. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutambua, na vifaranga vya bata navyo vikafa. Wataalamu walifuata nyayo mpaka kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na ndani yake wakakuta sumu inayotengenezwa na kuvu. Ndiyo aflatoksini, ambayo siku hizi tunaiita sumukuvu. Bata wachanga huathirika nayo upesi kuliko viumbe wengi, kiasi kwamba wachunguzi wa awali waliwatumia kama kipimo. Bibi alikuwa na maabara uani kwake, na majibu yalikuwa yamelala miguu juu.

Mjukuu naye alikuwa akigeuza uso kila kikombe cha uji kilipomkaribia. “Anadeka huyu,” alisema Bibi, akaongeza sukari. Mama wa mtoto aliuona unga, ulikuwa umekolea rangi kuliko kawaida na harufu yake ya kuvunda ilibaki kwenye sufuria hata baada ya kuoshwa. Lakini mkamwana anayeishi kwa mama mkwe, anayekula stoo ya mama mkwe, hamwambii mama mkwe kwamba unga wake umevunda. Alisema, “Ahsante, Mama,” akakoroga.

Kliniki, mstari wa ukuaji kwenye kadi ulikuwa ukipanda vizuri tangu mtoto azaliwe. Sasa ulikuwa umelala. Nesi aliuliza kuhusu kuharisha, malaria, minyoo. Kisha akauliza anakula nini.

“Lishe, mwanangu, tena ya nyumbani,” Bibi alidakia kwa fahari. “Sio hizi za dukani. Mahindi, ulezi, soya, karanga…”

“Karanga mlizichambua, Bibi?”

“Nimezichambua mwenyewe kwa mkono wangu.”

“Zile mbovu mlizipeleka wapi?”

Bibi akanyamaza. Mkamwana akaangalia sakafu. Nesi hakuhitaji jibu jingine.

Hakupaza sauti. Alieleza kwamba hii sumu haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni kuvu tu, na hata punje safi inaweza kuwa nayo, kwa sababu kuvu huweza kuanza shambani mahindi yakiwa yamesimama na kiu ya ukame. Lakini katika karanga, sumu haigawanyiki sawasawa. Punje chache hubeba sehemu kubwa yake, na mara nyingi ni hizohizo zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa. Mchambuaji kwa hiyo anafanya kazi nzuri sana: anaitoa sumu iliyotawanyika gunia zima na kuikusanya fungu moja. Bibi alikuwa amemsagia mjukuu wake fungu hilo.

“Si uliuchemsha uji mpaka ukaiva?” Bibi alimgeukia mkamwana, akitafuta pa kushika.

“Hata ungechemka mpaka jioni, Bibi,” alijibu nesi. Sumukuvu inastahimili moto wa jikoni. Jua la uani linakausha punje na kuzuia kuvu isiendelee, ila iliyokwisha kuingia haitoki kwa kuanika. Kukoboa mahindi kunapunguza, kwa sababu nyingi iko kwenye ganda na kiini, na kwa hiyo dona ya mahindi mabaya ni mbaya kuliko sembe yake. Ng’ombe akilishwa, sehemu inatokea kwenye maziwa. Kiwango cha juu kinachokubaliwa Afrika Mashariki kwa mahindi na karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho hakuna jicho wala pua inayoweza kukipima.

Wapo walioila sumu hii nyingi kwa mkupuo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa, mahindi yao wenyewe yakiwa yamehifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, vijiji vya Dodoma na Manyara: macho ya njano, matumbo kujaa, watu wapatao 20 wakapoteza maisha, wakiwemo watoto. Hao ndio waliohesabiwa. Anayekula kidogo kidogo kila siku haingii kwenye hesabu ya mlipuko. Ini lake linabeba mzigo polepole, na kama ana virusi vya homa ya ini B, hatari ya saratani inapanda mara nyingi zaidi. Na tafiti zimeihusisha sumu hii na watoto wanaodumaa.

Nesi alikuwa mwangalifu. Hakusema mtoto amelishwa sumu, kwa kuwa hakuna aliyepima unga wala damu, na mtoto anaweza kulala kwenye kadi kwa sababu kumi. Alisema ule unga usimame leo hii. Apewe uji wa nafaka moja safi, maziwa, dagaa waliosagwa, parachichi, na arudi baada ya wiki nne.

Kurudi nyumbani Bibi hakuongea. Alimwaga lishe yote kwenye shimo, akachanganya na majivu na maji machafu ili kuku wasiifukue, akafukia. Mumewe alihesabu hela iliyoingia shimoni na kuisema kwa sauti mpaka saa ya kula. Chaga zilitolewa kwenye mchicha zikaingia stoo, magunia yaliyosalia yakasogezwa mbali na ukuta. Mahindi safi yaliyokauka yakatiwa kwenye ile mifuko yenye tabaka mbili za nailoni ndani, isiyopitisha hewa, ambayo hukosesha dumuzi pumzi bila dawa. Kwa jirani Bibi alikwenda mwenyewe, usiku, na kitenge kipya. Waliongea nini hatujui. Mtoto baada ya wiki nne aliongezeka gramu mia kadhaa, jambo ambalo halithibitishi chochote, na Bibi alilitangaza mtaa mzima.

Siku hizi hanunui tena karanga kwa gunia. Ananunua kidogo kidogo gengeni, hata zilizosagwa tayari, maana kinu kinamchosha.

Siku moja alipita kijana wa baiskeli, yule anayenunua chupa, vyuma na makapi ya nafaka. Akaulizia machambuzi ya karanga. Bibi alimwambia kwake hayapo, na hata yangekuwepo yasingetoka.

“Mbona mtaa mzima wananiuzia, Bibi? Natoa bei nzuri.”

“Unawapelekea kuku?”

“Kuku gani, Bibi? Kuku hawalipi. Yanasagwa. Karanga ya mboga hiyo, inauzwa kwa vijiko magengeni. Ikishasagwa si rangi inakuwa moja?”

Ndani, kisamvu kilikuwa kimeanza kuchemka na karanga zake. Bibi aliita kwa sauti iliyofika kwa jirani, mkamwana azime jiko.