Petro aligeuka nyuma

Somo: Yohana 21:15-22



Kando ya bahari ya Tiberia, Petro alipata neema kubwa. Alikuwa amemkana Bwana mara tatu. Bwana akamwuliza mara tatu kama anampenda, akampa kondoo wa kuchunga. Lakini neno hilo halijakaa moyoni, Petro akageuka nyuma. Akamwona mwanafunzi mwingine, akataka kujua habari zake. Bwana akamwonyesha kwamba ya mwenzake hayamhusu: yeye afuate tu.

Ugonjwa huo wa kugeuka nyuma tunauona kwa vijana wetu. Jioni wananunua mega, wanaingia katika mchezo wa Free Fire wa telefone. Wachezaji 50 wanashuka kwenye kisiwa kimoja, na baada ya dakika chache mchezo umekwisha. Lakini maneno hayaishi. Usiku wanabaki wakichambuana: huyu alijificha, huyu aliwaacha wenzake, huyu ni mwizi, anatumia programu ya kudanganya. Mchezo wamekwisha kuusahau. Sasa wanacheza na jina la mtu.

Wazazi, tusiwacheke. Sisi nasi tunatoka ibadani tukihesabu: nani alichelewa, nani aliingia na viatu, mama gani hakufunika kichwa. Na mahubiri yalisema nini? Hatukumbuki.

Hapa Mbau jambo hili si dogo. Tangu Oktoba 2014 mauaji yameingia katika eneo la Beni, nasi tumezika watu wengi. Mwaka ule ule, mjini Beni, umati ulimuua kijana aliyeshukiwa kuwa mwasi. Ilisemwa kwamba hakujua Kiswahili. Walipima ulimi wake, wakatoa hukumu ya kufa njiani, bila shahidi wala mwamuzi. Kijana anayezoea kumwita mwenzake mwizi bila ushuhuda, siku ya hofu atamwita jirani yake mwasi kwa njia ile ile.

Tukumbuke Papa Simon Kimbangu. Mwezi wa Mei 1921 mtawala Léon Morel alifika Nkamba kuchunguza namna waamini walivyoomba, akapeleka habari zao kwa wakubwa wake. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule baraza la kijeshi lilimhukumu Papa Simon kufa. Mfalme akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, hata kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Sisi tuliozaliwa na mtu aliyehukumiwa kwa macho ya wengine, tutawezaje kuwa na macho yale yale?

Kanisa letu limetupa maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Anayechunguza wenzake ameshika Amri peke yake. Upendo, ulio wa kwanza, ameuruka. Na Kazi yake imelala bila mtu.

Basi tufanye nini? Kwanza, kosa la kweli lisifichwe. Mathayo 18:15 yatufundisha kumwendea ndugu peke yake, wawili tu, si kumtangaza mbele ya kikundi. Pili, tukiona hatari ya kweli, tuipeleke kwa viongozi wenye kazi hiyo, kamwe tusiipeleke kwa umati. Tatu, kila ulimi unapotaka kuuliza habari za mwingine, tujiulize: kondoo niliopewa mimi wako wapi?

Kijana, ukishindwa mchezoni, kubali, zima telefone, ulale. Kesho kuna shamba, kuna masomo, kuna maombi.

Bwana atugeuze macho, tumtazame Yeye aliye mbele yetu. Amina.